Mnaosoma mihimili ya MDS kama msahafu, mtatuua

Wakuu, leo nimekuja na hasira.

Tasnifu yangu inahusu jinsi watu wanavyozipanga hisia vichwani mwao. Washiriki walipewa maneno sita (furaha, utulivu, huzuni, hofu, hasira, uchovu), wakasema kila jozi inafanana kiasi gani. Nikaendesha MDS (multidimensional scaling: mbinu inayogeuza mfanano kuwa umbali, maneno yanayofanana yakae karibu, yasiyofanana yakae mbali), ikatoka ramani ya pande mbili, kila neno nukta moja. Msimamizi kaiangalia sekunde kumi hivi, kalamu nyekundu mkononi, akaandika chini ya mhimili wa mlalo: "ukomavu wa kihisia". Ukomavu! Kautoa wapi? Hakuna mshiriki aliyeulizwa habari za ukomavu.

Nikamweleza kwamba MDS inajali umbali kati ya nukta tu. Izungushe ramani, igeuze kama kwenye kioo, umbali haubadiliki hata chembe. Hakunielewa. Wiki iliyofuata nikaizungusha ile ile nyuzi 45, nikampelekea kimya kimya. Akaibatiza upya! Safari hii "ujasiri", eti. Data zile zile, washiriki wale wale.

Kama anataka jina, si tuwaombe watu wapime kila neno linapendeza kiasi gani na linasisimua kiasi gani, tupige regresheni (hesabu ya kuona alama hizo zinapanda kuelekea upande gani), tuone mshale unaelekea wapi ndani ya ramani? Au atazame ujirani tu: hofu na hasira zimebanana kona moja, utulivu uko mbali nazo. Hilo unaliona hata ukiipindua karatasi.

Halafu kuna stresi, yaani kipimo cha jinsi umbali wa kwenye ramani unavyopishana na majibu ya watu; ikiwa ndogo ndiyo vizuri. Msimamizi ameshika vile viwango vya mtakwimu Kruskal vya 1964: 0.20 hafifu, 0.05 nzuri. Yetu 0.02, basi "ramani bora kabisa". Mzee, maneno sita yanatoa jozi 15, na kuyapanga kwenye karatasi tunatumia namba 12, mbili kwa kila neno! Hapo hata majibu ya kubahatisha yanaweza kukupa stresi ya kujivunia. Ya ramani imeshuka, yangu ndiyo imepanda.

Tangu mwanzo niliomba maneno 15. Akasema jozi 105 zitawachosha watu. Sawa, hapo ana hoja, lakini basi asiisifie ramani ya maneno sita kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni.

Jana sura ya nne imerudi, "ukomavu" umepanda hadi kwenye kichwa cha sura. Utetezi ni wiki mbili zijazo. Kuna aliyewahi kumgomea msimamizi wake kwenye jambo kama hili akatoka salama? Ulianzaje?