Majibu ya kamera ya mzee: "displasia ya daraja la chini". Ni saratani?

BintiMpwapwa: Wakuu, habari za majukumu. Baba yangu ana miaka 63, yuko Mpwapwa. Kiungulia kimemsumbua tangu niko darasa la tano, magnesiamu anatafuna kama karanga. Mwezi uliopita kapimwa kwa kamera ya kushushwa kooni hapa Dodoma mjini. Karatasi inasema umio wa Barrett, displasia ya daraja la chini. Daktari kampa omeprazole, turudi baada ya miezi sita, na vile vinyama walivyonyofoa kwenye umio vikasomwe na mtaalamu mwingine. Kaka keshapeleka ng'ombe wawili mnadani, anataka mzee aende India. Hii ni saratani? Kama siyo, tunasubiri nini?

DerevaWaKibaigwa: Dada, kaka arudishe ng'ombe zizini. Karatasi kama hiyo ninayo, ya 2019. Nilikuwa nabeba mahindi Kibaigwa kwenda Dar, nakula Gairo saa sita usiku, nalala hapohapo kwenye kiti. Asidi ilikuwa inapanda mpaka meno yanaganda.

Siyo saratani. Barrett ni ngozi ya ndani ya umio, njia ya chakula, iliyobadilika kwa kuunguzwa na asidi miaka mingi. Displasia ni kwamba chembe (seli) zake zimeanza kubadilika sura, lakini hazijapenya kwenda ndani. Sasa hilo daraja la chini ndilo linalowachanganya wasomaji wa vinyama: umio ukichubuliwa na asidi, chembe zake nazo hukaa hovyo hovyo, zikafanana na displasia. Kwa hiyo wanatuliza asidi kwanza, ndipo wanaangalia tena. Kwangu msomaji wa kwanza aliandika daraja la chini, wa pili akasema mchubuko tu. Na mimi nilishagawa mashamba kwa watoto! (Mmoja hadi leo hajarudisha.)

Ulizeni vilichukuliwa vinyama vingapi. Inatakiwa pande nne, kila sentimita mbili za eneo lililobadilika. Mimi mara ya kwanza, hospitali siitaji, walichukua viwili tu.

Mzee_wa_Tiba: Mlonge, asubuhi kabla ya chai. Miezi sita mingi.

NesiMstaafu: Mlonge ni mboga, mwacheni ale na ugali. Omeprazole ndiyo ya kabla ya chai, nusu saa, kila siku, siyo siku kiungulia kikiwaka.

Binti, wa pili akithibitisha displasia, mzee atafuatiliwa kwa kamera au sehemu hiyo itachomwa kwa joto la mawimbi ya redio, bila kupasuliwa. Ila kwetu Afrika Mashariki saratani ya umio iliyo nyingi ni ya aina nyingine, haitokani na Barrett. Hiyo mtaalamu huitafuta kwa kunyunyizia ayodini: penye afya panakuwa kahawia, penye shaka panagoma kushika rangi. Mzee anavuta sigara? Anakunywa chai ya kuunguza? Mwambieni daktari.

Ugali ukianza kukwama akausukuma kwa maji, akikonda, au choo kikiwa cheusi kama lami, msingoje miezi sita.

BintiMpwapwa: Chai ndiyo yenyewe, anainywa bado inatokota. Vinyama nitauliza Jumatatu. Nimempigia kaka, ng'ombe mmoja keshauzwa. Wa pili yuko njiani anarudi.