Kivuko cha chini ya reli kimegeuka maficho ya vibaka: tufanye nini?

Mkazi wa Pugu
Ndugu zangu, salaam. Tangu treni za umeme zianze kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, sisi tunaoishi kandokando ya reli tunategemea vivuko vya chini, kwa kuwa reli imezungushiwa uzio na treni hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Mchana hakuna shida. Usiku kivuko chetu huwa giza totoro, na mara tu baada ya mdomo wa kuingilia kuna kona ambapo mtu hujibanza asionekane mpaka umfikie. Binti wa jirani alinyang'anywa simu na pochi hapo hapo. Sasa vijana wameanza kuruka uzio, jambo linalonitisha kuliko hata hao vibaka. Je, tuombe taa, mlinzi, au kivuko kifungwe usiku?

Mama Zawadi
Kukifunga ni kuwasukuma watu relini, kwa hiyo hilo msiliombe kabisa. Mtaani kwetu taa ziliwekwa, nyaya zikaibwa. Hali ilibadilika pale serikali ya mtaa iliporuhusu bodaboda na mama lishe kuweka kijiwe karibu na mdomo wa kivuko, kisha taa za sola zikafungwa mbele ya macho yao.

Mhandisi, Rotterdam
Nakubaliana na Mama Zawadi, ila kona hiyo nayo ishughulikiwe. Huku Uholanzi vivuko vya chini vilivyosanifiwa vizuri hunyooshwa na kuta zake hulazwa kwa nje, ili anayeingia aone upande wa pili kabla hajashuka. London, katika eneo la Elephant and Castle, waliziba njia za chini zilizokuwa na sifa mbaya wakaweka vivuko vya kukatiza barabarani penyewe, vyenye taa za kuongozea magari. Kwenye reli ya kasi njia hiyo haiwezekani. Ombeni kona ikatwe mshazari, na ikishindikana kifungwe kioo mbinuko kinachoonyesha nyuma ya kona, kuta zikipakwa rangi nyeupe.

Mzee Kombo
Bwana Mkazi, huyo binti alikwenda kituo cha polisi akapewa RB, yaani namba ya taarifa yake? Matukio yasiporipotiwa, polisi kata hana msingi wa kuombea doria mahali hapo.

Mkazi wa Pugu
Hakwenda, Mzee wangu, aliona ni kupoteza muda. Nitazungumza na wazazi wake, kisha hoja ya kijiwe na ya kona nitaziwasilisha kwa mwenyekiti wa mtaa kwa maandishi.