Naomba ushauri: bohari ya mbata (nazi kavu) ya marehemu babu

Assalaam aleikum jamani. Shambani kwetu Likoni, Mombasa, kuna bohari kuukuu: kuta za mawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko, na jua likiwaka bado wanusa mbata. Jirani ashauri tuombe itangazwe turathi chini ya sheria ya makavazi (makumbusho) ya 2006. Ami hataki hata kusikia. Asema tukishaingia gazeti rasmi la serikali, kubadilisha bati moja ni mpaka kibali. Mimi naionea imani, ila paa lavuja na mfuko ni wangu. Nyinyi wenye nyumba Mji wa Kale, mkikarabati huanzia wapi? Chokaa mwaipata kwa nani? Na mirathi haijagawanywa. Twaweza kuomba kabla?