Amemwagia mchoro wa Kolo maji YANGU, halafu ananiambia "huku si kwenu"!

Mwalimu Kisauni (mleta uzi)

Wakuu, sijalala. Nimefika nyumbani Nkuhungu, hapa Dodoma, saa 4 usiku, vumbi la Kolo, kule Kondoa kwenye michoro ya mapangoni, bado limejaa masikioni, na chupa iko hapa mezani. Naandika na hasira zangu hivi hivi, maana nikingoja kesho nitasamehe, na huyu mtu hastahili msamaha.

Simtaji. Mnamjua. Yule wa Noah nyeupe na kofia ya pama, anayejitangaza kwenye kila kundi la WhatsApp la walimu na wageni waliohamia Dodoma: "Twendeni tukatalii, bei ya kizalendo." Ukimaliza miezi miwili Dodoma bila kupata tangazo lake, basi huna simu.

Mimi ni Mkenya wa Mombasa, nafundisha jiografia hapa mjini, huu mwaka wa tatu. Nilipokuja niliapa sitakuwa yule mwalimu wa ugenini anayejua njia ya shule na njia ya dukani basi. Likizo zangu zote nimezunguka. Nimepanda jabali la Simba. Nimekwenda Kongwa, walipokaa wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji na ANC ya Afrika Kusini. Nimepanda basi hadi Singida nikakaa kando ya ziwa Singidani mpaka jua likazama. Pesa zangu, miguu yangu, hakuna aliyenituma. Ilikuwa imebaki Kolo tu, michoro ya mapangoni, ile iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Miaka miwili naitamani.

Huyu bwana alisema tukutane Nyerere Square saa 11 alfajiri. Tumeondoka saa 3 na nusu. Nimekaa pale mpaka njiwa wakanizoea. Gari ya watu 7 tukapakiwa 11, na sufuria la pilau nikapakatishwa mimi. Kutoka Dodoma, Mayamaya, Haneti, mpaka Kondoa, kilomita zipatazo 160 nimepakata sufuria la moto kama mtoto wa kumzaa. Barabara sina neno nayo, lami imenyooka mpaka Babati. Neno langu ni kwa dereva.

Njiani nilimwomba jambo moja. Tukikaribia Kondoa asimame dakika 5 nione makorongo. Kila mwaka nachora ubaoni mmomonyoko wa udongo wa Kondoa, nawaeleza watoto habari za HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza 1973, na makorongo yenyewe sijawahi kuyatia machoni. Akanijibu, "Madam, shimo ni shimo." Hakusimama. Mbele kidogo akasimama nusu saa kununua gunia la mkaa!

Yote hayo niliyameza. Sasa njooni kwenye maji.

Tumepanda kwa miguu, jua la saa 8. Mwongozaji wa pale, kijana mstaarabu sana, alituambia kabla hatujaanza kupanda, tena akarudia: msiguse, msiegemee, msimwagie maji. Sote tukaitikia. Na yeye wa pama aliitikia, nilimsikia kwa masikio yangu.

Ukifika juu unaingia chini ya mwamba ulioinama kama upenu wa nyumba. Mwanzo huoni kitu, unaona jiwe lenye madoa. Kisha jicho linazoea, wanaanza kujitokeza mmoja mmoja: watu wembamba, warefu, wekundu kama udongo, vichwa vikubwa kama wamefumwa nywele, na mmoja yuko katikati wenzake wanamvuta huku na huku. Mtu alisaga jiwe jekundu, akanyoosha mkono pale, maelfu ya miaka iliyopita, na mstari wa kidole chake bado upo. Machozi yalinilenga. Sikuwa na hamu hata ya kupiga picha.

Mwongozaji alikuwa amerudi chini kumshika mkono mama mmoja mtu mzima. Wa pama yuko na simu anarekodi video, analalamika rangi haitoki. Nikahisi mtu anapekua begi langu mgongoni. Kabla sijageuka ameshachomoa chupa yangu, amefungua kifuniko, CHWAAA! Nusu lita nzima, juu ya wale watu wekundu. Maji yakateremka kwenye vichwa vyao, kwenye mikono yao, mpaka chini.

Nilipiga kelele ambayo nadhani Babati waliisikia. Nikamwambia wewe, tumekatazwa! Akageuka taratibu, mbele ya watu wote, akasema: "Madam, huku si kwenu. Usitufundishe." Halafu akanirudishia chupa. Akaniwekea mkononi! Mwongozaji anafika juu, anakuta mwamba unachuruzika na mimi nimeshika chupa tupu, na chupa ina jina langu, nimeliandika mwenyewe kwa maka-peni kama ninavyowaandikia wanafunzi. Yule kijana alinitazama. Hakunigombeza. Alinitazama tu, kisha akatoa kitambaa, akakirudisha mfukoni maana hata kufuta haruhusiwi.

Na nyinyi mnaokaa Dodoma mnayajua maji ya bomba letu. Yale niliyachemsha mwenyewe asubuhi. Angalieni birika zenu ndani, ule ukoko mweupe mgumu unaoukwaruza kwa kisu na hautoki. Ndiyo chumvi hiyo. Ukimwagia mchoro maji unang'aa dakika 10, watu wanapiga video, maji yakikauka chumvi inabaki juu ya rangi. Leo mmoja, kesho mwingine, mwisho jiwe linakuwa birika. Chumvi ya birika langu iko juu ya wale watu sasa hivi ninavyoandika.

Huku si kwetu. Sawa. Sasa mbona maji yalikuwa yangu?

Zabibu Mbichi

Nimekaa paleee, kahawa mkononi. Wa kofia ya pama! Huyo mwaka juzi alitupeleka Mtera kula samaki, akarudi Dodoma na watu wanne akatuacha sita kwenye tuta. Tulirudi na lori la vitunguu. Mpaka leo nikinusa kitunguu namkumbuka.

Mgogo wa Mvumi

Mbukwenyi wakuu. Pole sana madam. Ila tuangalie kesi. Maji yako, chupa yako, jina lako, mkono wako. Mahakamani utakwenda na shahidi gani, sufuria la pilau?

Mwalimu Kisauni

Mashahidi wapo 10 na wote waliangalia chini! Hakuna aliyefungua mdomo. Mtu anavuliwa heshima mbele yenu na nyinyi mnafunga kamba za viatu. Na video anayo yeye, kaikata kipande cha sauti yake, kaiweka hadharani na muziki juu.

Bajaji Jamatini

Hii chai. Noah moja watu 11, sufuria, na gunia la mkaa? Weka picha.

Mwalimu Kisauni

11 na mtoto wa mgongoni. Mkaa ulifungwa juu ya gari. Picha sikupiga, mikono ilikuwa na sufuria.

Mama Veyula

Samahani mwalimu, naomba kuuliza. Hilo pilau lilikuwa na nyama?

Mwalimu Kisauni

Vipande 9, watu 11. Nilihesabu. Mimi niliyelipakata sikupata.

Mama Veyula

Basi hapo ndipo ungeanzia uzi. Maji ungeyaweka mwisho.

Mrangi Asilia

Dada yangu mwalimu, nakupa pole kutoka Kondoa, na nakushukuru kwa kupaheshimu. Ila nikuongezee jambo. Pale si makumbusho yaliyokufa. Wazee wetu bado wanapanda kutambika na kuomba mvua, na kwenye tambiko pombe ya mtama hurushwa kwenye mwamba. Wataalamu hilo haliwapendezi, na wazee wanasema walikuwepo kabla ya wataalamu. Kwa hiyo kumwagika kitu pale kuna historia yake.

Mwalimu Kisauni

Mzee wangu, shikamoo. Hilo nililisikia kwa mwongozaji na sina ubishi nalo. Mzee anayepanda na nia yake na wakati wake, wakati mvua zimegoma, ana haki ya kuzungumza na mahali pa babu zake. Huyu alikuwa anatafuta video! Hakuomba mvua, hakuomba hata chupa.

Mrangi Asilia

Marahaba. Hapo umesema kweli. Lakini umetaja HADO, umenitonesha kidonda. Wewe unaifundisha ubaoni, sisi tuliishi. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka baba anaswaga ng'ombe wake kuwatoa, nyumbani hakuna aliyekula siku ile. Miti imerudi, sikatai, milima imekuwa kijani. Lakini maziwa tuliyasahau miaka mingi. Wewe unalia nusu lita ya maji.

Zabibu Mbichi

Mzee kamaliza. Uzi ufungwe.

Mwalimu Kisauni

Usifungwe! Mzee, ningependa sana ulieleze hilo darasani kwangu, nakuomba. Lakini kidonda chako hakifanyi changu kiwe uongo. Aliniwekea chupa MKONONI.

Ticha wa Kigali

Mnalalamika na mko Dodoma ambako angalau gari lilifika. Mimi Mtanzania, nafundisha Kiswahili Kigali. Mwezi wangu wa kwanza nikapanga safari ya Musanze, kaskazini mwa Rwanda, Jumamosi, nimeoga, nimevaa kofia ya utalii, natoka nje hakuna gari. Hakuna duka. Hakuna mtu amesimama bure. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, watu wako kwenye kazi za jamii mpaka saa 5. Jirani akanikabidhi jembe. Nimefyeka mtaro na viatu vya safari. Hakuna aliyeniambia "huku si kwenu". Waliniambia "karibu", na ndiyo iliyouma zaidi.

Bajaji Jamatini

Sasa hapo nani kakosa? Nenda ukasome kalenda mkuu.

Mgogo wa Mvumi

Ticha, ungekuja kulima zabibu kwangu kwa ari hiyo hiyo. Tunavuna mara mbili kwa mwaka na vibarua hawapatikani.

Zabibu Mbichi

Zabibu zenyewe mnachuma mbichi mnawauzia abiria wa mabasi. Nimenunua kilo pale Nane Nane, meno yamekufa ganzi mpaka Morogoro.

Mgogo wa Mvumi

Jina lako mwenyewe Zabibu Mbichi halafu unalalamika?

Mwalimu Kisauni

Wakuu turudini kwenye maji jamani.

Kisasa Juu

Asante mleta uzi, na mimi nilikuwa nalisubiri hilo. Huku kwetu siku ya nne bomba linakoroma tu. Nimenunua dumu kwa bei ya soda. Kuna mtu anajua ratiba ya mgao?

Mama Veyula

Afadhali nyinyi linakoroma. Langu limenyamaza kabisa, nyuki wameanza kujenga humo.

Mwalimu Kisauni

Siyo maji hayo! Nazungumzia maji yaliyomwagwa KOLO. Yangu. Niliyoyachemsha. Watu wale wekundu hawana wa kuwatetea, na mimi ninayewatetea naambiwa si kwetu. Nitaandika barua kwa yule kijana mwongozaji, nimweleze ilivyokuwa, na nitarudi Kolo kwa basi, peke yangu, nimwombe radhi ana kwa ana.

Mrangi Asilia

Ukija niambie humu mapema. Nitakupokea barabarani, nikupeleke na kwenye makorongo. Dakika 5 hazitoshi, tenga siku nzima.

Mwalimu Kisauni

Mzee wangu, Mungu akuweke. Hilo ndilo jambo la kwanza jema tangu jana.

Kisasa Juu

Ratiba wakuu, ratiba.

Bajaji Jamatini

Nimepita Nkuhungu sasa hivi, nimeona watu wanakinga. Yametoka kwa kasi, ila ya kahawia.

Mama Veyula

Yaacheni yatulie kwanza, kisha mkinge. Na Area D je?

Kisasa Juu

Mwalimu si uko Nkuhungu wewe? Acha kuandika, kinga! Jaza mpaka sufuria.