Tufunge ndoa Tanga kwanza, au niombe viza ya mchumba ya Uingereza?

Ufukoni Raskazone:

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Ninaomba ushauri kabla mchumba wangu hajakata tiketi, maana kila tukizungumza kwenye simu tunaishia kubishana. Yeye anaishi Leicester, nami nipo hapa Tanga mjini, nina duka la vitenge Ngamiani. Tumefikiria njia tatu. Ya kwanza ni yeye aje tufunge ndoa hapa nyumbani, kisha niombe viza ya mke. Ya pili ni mimi niombe viza ya mchumba, nisafiri, tukafunge ndoa huko huko. Ya tatu, ambayo mama yangu anaipenda kuliko zote, ni yeye arudi kuishi Tanga. Wenye uzoefu naomba mniambie ni ipi iliyo nafuu na isiyo na usumbufu.

Karani Mstaafu:

Wa alaykum salaam, binti yangu. Umeuliza bei ya samaki bila kusema kama ni changu au ni jodari. Kwanza, huyo bwana ni raia wa Uingereza, ana makazi ya kudumu, au yupo kwa viza ya kazi? Kama yupo kwa viza ya kuhudumia wazee na wagonjwa, na aliiomba kuanzia tarehe 11 Machi 2024, basi haruhusiwi kuleta mke wala mtoto, na mazungumzo haya yote yanaishia hapo. Pili, anapata kiasi gani kwa mwaka, na kwa kazi ya aina gani? Tatu, je, kati yenu kuna aliyewahi kuoa au kuolewa, na kuna watoto? Ukijibu hayo ndipo tutakapokuwa na la kusema.

Bint Muheza:

Mimi nilikwenda kwa viza ya mchumba na ninaisifu mpaka leo. Unapewa miezi sita, unaingia, unauona mji na kumwona mtu wako anavyoishi, kisha mnafunga ndoa na unaomba ruhusa ya mke ukiwa ndani, bila kurudi nyumbani. Ni kweli kwamba katika miezi hiyo huruhusiwi kufanya kazi, lakini kwangu ilikuwa afadhali kuliko kuolewa na mtu ambaye sijawahi kuona hata anavyoweka vyombo vyake. Jambo moja tu mlijue mapema: ndoa ya msikitini kule, kama haikuambatana na usajili wa serikali, sheria haiitambui. Lazima mtoe taarifa kwa msajili na kusubiri siku 28, ambazo mara nyingine wanaweza kuzirefusha hadi 70. Kwa hiyo ukiingia usikae ukitalii.

Mkonge Mkavu:

Dada wa Muheza, heshima yako ipo, ila umesifu bila kutaja gharama. Tuchukue mfano wa ada zilizoanza Aprili 2025: maombi ya viza ya mchumba kutoka nje yalikuwa pauni 1,938, sawasawa na ya mke. Mwenye viza ya mchumba, akishaolewa, analipa tena pauni 1,321 kuomba ruhusa akiwa ndani, na ada ya huduma za afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, ambayo kwa miaka miwili na nusu inafika 2,587.50. Jumla ni pauni 5,846.50. Anayefunga ndoa kwanza na kuomba viza ya mke akiwa Tanga analipa ada ya viza mara moja na ada ya afya ya 3,105, jumla 5,043, tena anapata miezi 33 na ruhusa ya kufanya kazi tangu siku anayoingia. Zaidi ya hapo, ile miezi sita ya uchumba haihesabiwi katika miaka mitano inayotakiwa ili kuomba makazi ya kudumu. Kwa hesabu hiyo sioni kwa nini mtu achague njia ya pili, isipokuwa kama ana sababu ya moyoni, na sababu za moyoni mimi sizipingi.

Ufukoni Raskazone:

Nashukuru sana. Ni raia wa Uingereza, alipata uraia mwaka 2019. Kwao ni Pangani. Kazi yake ni ya ghalani siku za wiki, na mwishoni mwa wiki anaendesha teksi yake mwenyewe. Ameniambia zote mbili zikijumlishwa zinafika kama pauni 31,000 kwa mwaka, kwa hiyo nadhani kwa upande wa kipato tumesalimika.

Mkonge Mkavu:

Dada, usiseme mmesalimika kabla ya kuzitenganisha hizo kazi mbili. Kiwango ni pauni 29,000 tangu tarehe 11 Aprili 2024. Kabla ya hapo kilikuwa 18,600. Mshahara wa kuajiriwa unathibitishwa kwa hati za mshahara za miezi sita na taarifa za benki zinazoonyesha fedha hizo zikiingia. Kipato cha teksi ni cha kujiajiri, nacho hupimwa kwa mwaka kamili wa kodi uliokwisha, pamoja na karatasi za mamlaka ya kodi. Ukivichanganya viwili, vyote vinafuata huo mwaka wa kodi. Muulize mshahara wa ghalani peke yake ni kiasi gani. Ukiwa, kwa mfano, ni pauni 24,000, pengo ni 5,000, na pengo hilo linaweza kuzibwa kwa akiba: 5,000 mara mbili na nusu, kisha ongeza 16,000, unapata 28,500, ambazo ziwe zimelala benki kwa miezi sita mfululizo. Akiba hiyo haichanganywi na kipato cha teksi; mchague moja.

Karani Mstaafu:

Swali langu la tatu bado halijajibiwa, binti.

Mama Zuwena wa Makorora:

Hamjambo. Naomba niwaeleze yaliyompata binti yangu wa pili, kwa sababu naona mnazungumza ada na viwango kana kwamba maombi hukwama kwa fedha peke yake.

Mume wake alikuwa mpishi katika hoteli moja kule, mtu mchapakazi, na mshahara wake ulitosha kwa kiwango cha wakati ule. Tatizo ni kwamba mwajiri wake alikuwa akimlipa sehemu kwa benki na sehemu mkononi, usiku, baada ya kufunga jiko. Hati ya mshahara ilisema kiasi kimoja, benki ikasema kingine. Mkwe wangu aliona hilo si tatizo, kwa kuwa alikuwa na barua ya mwajiri yenye mhuri iliyoeleza kila kitu. Aliyewajazia fomu, mtu wa hapa mjini ambaye alijitangaza kuwa ni mtaalamu na ambaye simtaji jina, naye aliwahakikishia kwamba barua ingetosha.

Kwa upande wetu kulikuwa na balaa la majina. Cheti cha kuzaliwa, ambacho tulikichukua akiwa mtu mzima, kilimwita Mwanahamisi. Pasipoti ilimwita Hamisa, kwa sababu ndilo jina alilosomea. Na shehe aliyewaozesha aliandika Mwanahamisi Hamisa kwenye cheti cha ndoa, akidhani anatusaidia. Tulipaswa kula kiapo cha majina mbele ya wakili na kukiambatanisha, kisha kusahihisha karatasi moja baada ya nyingine, lakini yule mtaalamu alisema Wazungu wanaelewa kwamba Waswahili tuna majina mengi. Majibu yalipokuja yalikuwa kurasa kadhaa, na kila aya ilitaja kitu tulichokuwa tumeambiwa hakina neno: fedha hazilingani, majina hayalingani, na picha za harusi zilikuwa chache kiasi cha kutiliwa shaka. Harusi ilijaza uwanja mzima wa Makorora! Sisi tulipeleka picha tatu tu, kwa kuwa tuliona aibu kuwaonyesha watu wa ofisini picha za biharusi akiwa amepambwa.

Ada ya afya walirudishiwa, ya viza ikapotea. Mkwe alitaka kukata rufaa, na kwa mtu aliye nje muda ni siku 28 tangu apokee uamuzi. Wakili wa kule akamwambia kwamba rufaa ingeweza kuchukua muda mrefu kuliko kubadilisha kazi, kukusanya hati za miezi sita na kuomba upya. Wakaomba upya, naye sasa yuko huko na watoto wawili. Lakini ule mwaka, binti alikuwa akikaa barazani na simu mkononi, hataki hata kwenda kwenye shughuli za watu, asije akaulizwa anasafiri lini.

Bint Muheza:

Pole sana, mama. Ila hapo kosa ni la mjaza fomu, si la njia ya viza. Kwa viza ya mchumba pia wangemkatalia, kipato ni kilekile.

Mama Zuwena wa Makorora:

Sikusema ni kosa la njia, mwanangu. Nimesema aanze na karatasi zake kabla ya kuchagua njia.

Nahodha wa Pangani:

Mbona hakuna aliyeigusa njia ya tatu? Huyo bwana ni wa kwetu. Arudi nyumbani, watu waache kulipa pauni elfu tano kwa ajili ya kwenda kuona mvua. Aje afungue biashara hapo Chumbageni, wazae, waishi.

Karani Mstaafu:

Nahodha, huyo bwana akishuka uwanja wa ndege leo ni mgeni. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtu mzima anayejipatia uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake hupoteza wa Tanzania. Akitaka kukaa hapa kama mume, ataombewa na mkewe kibali cha mtegemezi, ambacho hakimpi ruhusa ya kufanya kazi. Akitaka hiyo biashara yako ya Chumbageni, anahitaji kibali cha ukaazi Daraja A, pamoja na mtaji unaotakiwa. Na akitaka uraia, sheria haiwatazami wanandoa kwa jicho moja: mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia yake ya kuomba kwa sababu ya ndoa, lakini mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania anapita njia ya tajnisi (kupewa uraia kwa maombi) kama mgeni mwingine yeyote, yaani awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia hiyo miezi awe amekaa jumla ya miaka saba.

Nahodha wa Pangani:

Mtu aliyezaliwa Pangani aombe tajnisi! Na shamba la minazi la baba yake je?

Karani Mstaafu:

Sheria ya Ardhi ya 1999, ilivyotungwa, haikumpa asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na hapo ndipo ugomvi wa mirathi unapoanzia. Muswada wa mwaka 2024 ulipendekeza hadhi maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nje, ukagusa na suala la ardhi. Asome masharti yake mwenyewe kwa makini, au aende ofisi ya Uhamiaji aulize, asitegemee maneno ya barazani. Na hili linamhusu hata binti mwenyewe. Akikaa kule miaka mitano, akafaulu Kiingereza cha ngazi ya B1 na ule mtihani wa maisha ya Uingereza, akapata makazi ya kudumu, ataanza kushawishiwa achukue uraia, na mke wa raia anaweza kuomba mara tu anapopata hayo makazi. Afikirie vizuri siku hiyo, kama ana kiwanja au shamba kwa jina lake.

Mkonge Mkavu:

Nakubaliana na mzee, ila tusimtishe dada bure. Makazi ya kudumu pekee hayagusi uraia wake wa Tanzania. Wapo wengi wanaobaki na makazi hayo na pasipoti ya Tanzania mpaka uzeeni, mradi wasikae nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo.

Ufukoni Raskazone:

Shikamoo mzee Karani, na samahani kwa kuchelewa kujibu lile swali la tatu. Niliwahi kuolewa, na nina mtoto wa kiume wa miaka saba ambaye nitasafiri naye. Mume wangu wa kwanza aliniandikia talaka kwa mkono mbele ya mashahidi, na karatasi ninayo. Baba wa mtoto yuko Korogwe, anampigia simu siku za sikukuu. Nilidhani hayo hayahusiani na viza.

Karani Mstaafu:

Marahaba, mwanangu. Yanahusiana kuliko yote tuliyoyaandika hapo juu. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, ndoa iliyofungwa huisha kwa kifo au kwa amri ya mahakama. Kwa Waislamu, baraza la usuluhishi linathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, talaka ya dini inaonyeshwa, kisha mahakama inatoa amri yake. Bila amri hiyo, karatasi yako ni talaka mbele ya dini, lakini msajili anaweza kukuhesabu kuwa bado ni mke wa mtu, na Uingereza nao huuliza kama talaka ina nguvu katika nchi ilikotolewa. Hilo linazuia njia ya kwanza na ya pili kwa pamoja.

Bint Muheza:

Mzee, shoga yangu aliolewa mara ya pili kwa karatasi ya talaka tu, na shehe hakuuliza chochote.

Karani Mstaafu:

Shehe hakuuliza. Ofisa wa viza anauliza.

Mkonge Mkavu:

Na kwa mtoto, dada, utatakiwa kuonyesha kwamba ni wewe peke yako unayebeba jukumu la kumlea na kumwamulia. Kusema kwamba baba hupiga simu sikukuu hakutoshi. Tafuta barua za shule, kadi ya kliniki, risiti za ada zenye jina lako, na maandishi ya baba. Ada ya afya ya mtoto ni pauni 776 kwa mwaka, uiongeze kwenye hesabu.

Ufukoni Raskazone:

Nitaanza na baraza Jumatatu. Mchumba nimemwambia asikate tiketi, amenuna. Naomba kuuliza: hayo maandishi ya baba wa mtoto yanatakiwa kuthibitishwa na wakili, au sahihi ya mwenyekiti wa mtaa inatosha?

Nahodha wa Pangani:

Wakili. Na huyo bwana kwao ni Pangani sehemu gani, Mwera au Bweni? Huenda ninamfahamu baba yake.