Naomba ushauri: mtoto wa marehemu dada yangu anafunzwa wizi kijiweni

Habari za jioni ndugu zangu. Niko Tanga, Ngamiani. Nalea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 15, kidato cha pili. Tangu Ramadhani iliyopita anashinda kijiweni na vijana wakubwa, na juzi nimemkuta na simu mbili si zake. Kilichoniuma kuliko hizo simu ni jibu lake: "Mjomba, wenyewe wana pesa, watanunua nyingine." Maneno hayo hayajatoka nyumbani kwangu.

Chuoni tulisoma habari za mwanasosholojia Mmarekani Edwin Sutherland, aliyeeleza mwaka 1939 na kukamilisha hoja zake 1947, kwamba uhalifu haurithiwi, mtu hujifunza kwa watu wake wa karibu. Hujifunza mbinu, na pia namna ya kujihalalishia. Uzito wa mafunzo hayo hutegemea mtu alianza lini kukaa nao, mara ngapi, kwa muda gani, na anawathamini kiasi gani.

Hapo kwenye kuwathamini ndipo ninapokwama. Mkubwa wao ndiye aliyemfundisha kuendesha pikipiki, anamwita kaka. Mimi narudi kazini usiku, nimechoka.

Nimewaza kumpeleka kwa babu yake Pangani, lakini mke wangu anasema atatafuta kijiwe kingine huko. Polisi naogopa, mahabusu atakutana na waliobobea.

Aliyewahi kumtoa kijana kwenye kundi kama hili, ulimpa nini badala yake? Na hizi simu nizirudishe vipi bila kumharibia maisha?