Star Wars: The Old Republic: tuagize Origin, tununue boksi, au tusubiri kwanza?

Mzaramo_Baridini (Minneapolis), 3 Oktoba 2011

Wakuu, salaam. Tarehe imeshatajwa: 20 Desemba huku Marekani, 22 Desemba Ulaya. Hili gemu nalingoja tangu lilipotangazwa Oktoba 2008, na kabla ya hapo nilikesha na gemu la Knights of the Old Republic la 2003 mpaka nikafeli mtihani, kwa hiyo asije mtu kunishauri nisinunue. Hapo nimeshapita. Ninachouliza ni njia ya kununua.

Ukitaka kulipakua, mlango ni mmoja: Origin, duka jipya la mtandaoni la EA, kampuni inayotoa gemu hili, lililofunguliwa Juni mwaka huu. Steam, lile duka la mtandaoni tulilolizoea, halimo. Mimi gemu zangu zote ziko Steam, karibu 60, na sioni raha ya kufungua akaunti nyingine, neno la siri jingine, na kuacha namba ya kadi ya benki mahali pengine tena. Njia ya pili ni boksi la dukani, dola 59.99, bei ileile. Ya tatu ni kukaa pembeni hadi Machi, wengine wapigane na foleni za seva, mimi niingie njia ikiwa nyeupe.

(Lile toleo la dola 149.99 lenye sanamu ya Darth Malgus msinitajie. Mke wangu anasoma humu.)

Nyie mnafanyaje?

MvitaLeicester

Ndugu yangu, mimi boksi, wala silali nikiliwaza. Hao Origin wana miezi minne tu duniani na tayari Agosti masharti yao yamezua zogo. Ukiyasoma, yaliwapa ruhusa ya kukusanya habari za kompyuta yako na za programu zilizomo ndani yake. Walipopigiwa kelele ndipo wakayapunguza makali. Mtu anayengoja ashikwe mkono ndipo arudishe, mimi simwachii funguo za nyumba.

Tena tazama mambo ya mwaka huu: gemu mbili za EA, Crysis 2 ikaondoka Steam mwezi wa 6, Dragon Age II ikafuata mwezi wa 7. Huyu anasema kosa la yule, yule anasema kosa la huyu, na sisi ndio nyasi.

Boksi nalishika kwa mkono wangu. Nikichoka nalo, nauza.

Dada_Kahawa (Toronto)

Kaka Mvita, hapo kwenye kuuza umejidanganya. Ndani ya boksi mna DVD na namba. Hiyo namba ni vocha ya simu: ukishaikwangua ukaiingiza kwenye akaunti yako, imekwisha, na boksi linabaki pambo la rafu. Gemu lote liko kwenye seva zao. Utaishika hiyo DVD mpaka mkono ufe ganzi, ila siku usipolipa ada hupigi hatua hata moja.

Na kuna jambo limechanganywa kila ninapopita, naomba tulinyooshe. Kulinunua kwa kupakua, ndiyo, ni Origin peke yake. Ila kulicheza hakuhitaji programu ya Origin iwe imewashwa. Gemu lina programu yake ya kuanzishia, na unaingia kwa akaunti ya tovuti ya gemu lenyewe. Linalolazimisha Origin ni gemu jingine la EA, Battlefield 3, itakayotoka tarehe 25 mwezi huu. Hilo hata ukanunua boksi, Origin utaiweka tu. Watu wamesikia habari ya lile wakaipakia kwenye hili.

Kwa hiyo Mzaramo, Origin kwako ni kaunta. Unalipa, unapewa namba, unaondoka. Ukitaka kuifuta programu yao baadaye, ifute.

Sasa hesabu, maana naona mnagombania mlango wakati kinachouma ni kodi ya nyumba. Bei ya kununua ina siku 30 ndani yake. Baada ya hapo ni dola 14.99 kwa mwezi, au 41.97 kwa miezi 3, au 77.94 kwa miezi 6. Ukilipa mwezi mwezi, mwaka wa kwanza ni 59.99 na ada ya miezi 11, jumla 224.88 kabla ya ushuru. Uchukue boksi, uchukue Origin, hiyo hesabu haisogei hata senti.

MvitaLeicester

Haya, la kuuza umenishinda. Huku ada ni pauni 8.99. La masharti sijakuachia.

KisiwaNdui (Maskati)

Assalaam alaykum. Nimesoma toka juu nikacheka peke yangu. Mnalililia Steam leo kama mama mzazi! Novemba 2004 lilipotoka gemu la Half-Life 2, mtu alikuwa ananunua boksi, anafika nalo nyumbani, halafu anaambiwa haliwaki mpaka aweke Steam na aunganishe intaneti. Watu walitukana wee. "Nimenunua diski, ya nini niombe ruhusa?" Yaleyale maneno ya Mvita, neno kwa neno. Punguzo la bei lilipokuja na orodha ya marafiki ikajaa, wote wakanyamaza. Mnipe miaka mitano, hawa hawa watakuja humu kulitetea Origin.

Sisemi Origin ni zuri. Nasema msiseme duka fulani ni lenu. Hakuna duka la mtu.

Mimi mwenyewe sinunui sasa. Kwanza Omani haimo katika uzinduzi: ni Marekani, Kanada na nchi za Ulaya, basi. Hata Australia wameachwa, na wale wanalia kwa sauti kuliko sisi. Pili namngoja Guild Wars 2, gemu jingine la mtandaoni kama hili. Ile ya kwanza ya 2005 haikuwa na ada ya mwezi na hii wamesema haitakuwa nayo pia. Tarehe hawajatoa, lakini asiyelipa kodi hana haraka.

Dada_Kahawa

Bin ami, Guild Wars 2 walilitangaza 2007. Utamngoja mpaka ndevu ziwe nyeupe 😄

KisiwaNdui

Zimeshaanza.

Mzaramo_Baridini

Dada Kahawa, asante, hiyo ya kaunta imenifungua macho. Nilidhani Origin itakaa inazunguka humo ndani kila nikicheza. Lakini bado: boksi na Origin, kwa wewe tofauti iko wapi?

Dada_Kahawa

Kwenye siku za mwanzo. Wanaoagiza mapema wanaruhusiwa kuingia hadi siku 5 kabla ya tarehe yenyewe, na wanaangalia siku uliyoingiza namba yako kwenye tovuti yao. Aliyeiingiza Julai kuagiza kulipofunguliwa anatangulia, wa Novemba anafuata nyuma. Namba hiyo utaipata kote kuwili. Origin inakuja kwa barua pepe, duka wanakuchapia kwenye risiti. (Ukiwa na risiti, iingize siku hiyo hiyo. Usiiweke kwenye pochi ukasema kesho.)

Shida ya boksi inakuja Desemba. Namba ya kuagiza mapema na namba ya gemu ni mbili tofauti. Ya pili imo ndani ya boksi. Ukiwa umeagiza kwa posta, gari likakwama kwenye theluji siku tatu kabla ya Krismasi, wenzio wako daraja la 20 na wewe uko dirishani unamtazamia mtu wa mzigo. Kama ni boksi, basi liwe la duka la kuliendea kwa miguu.

Mimi nimeshaagiza Origin. Sitaki kusubiri mtu wa mzigo. Ila akaunti nimeifungulia barua pepe yake peke yake na neno la siri nisilolitumia kwingine kokote, kwa sababu mwaka jana niliibiwa akaunti kwenye duka moja la mtandaoni, silitaji, na kuirudisha ilinichukua wiki sita za kuandikiana na watu wasiosoma walichoandikiwa.

Mdogomtu_Kariakoo (Dar)

Kaka Mzaramo shikamoo. Nimekuona humu nikasema niingie. Nyote mnaongea kama intaneti ni maji ya bomba.

Gemu lina aina 8 za wahusika, Jedi Knight, Smuggler, Bounty Hunter na wenzao, kila moja na hadithi yake, na kila anayefungua mdomo ana sauti iliyorekodiwa. Hilo likiwa chini ya GB 20 mniite hapa mnizomee. Mimi natumia modemu, bando langu ni GB 4 kwa mwezi na nyumbani tunalitumia watu watatu. Kulipakua ni miezi mitano bila mtu kufungua hata barua pepe, na kabla sijamaliza masahihisho yatakuwa yameshatoka ya GB nyingine mbili. Sasa Origin itanisaidia nini?

Kulipa nako. M-Pesa inanilipia umeme, inanilipia king'amuzi, inamtumia bibi hela Kisarawe. Kwenye maduka haya haipokelewi, wanataka kadi. Ya kwangu nimeijaribu kwenye duka moja la gemu mara nne, mara nne imekataliwa, na benki wananiambia kadi ni nzima.

Najua Tanzania haimo katika uzinduzi na najua seva ziko Ulaya na Marekani. Nimeshacheza gemu nyingine kwa seva ya Ulaya, inachelewa milisekunde 200 na ushei. Kwa kupigana na wachezaji wenzangu nitakufa kila siku. Ila kwa hadithi nitavumilia, mimi nataka hadithi.

KisiwaNdui

Huyu kijana ndiye wa kwanza kusema jambo la maana tangu asubuhi.

MvitaLeicester

Mdogo wangu, kwako boksi basi! DVD ndiyo bando lako. Unaweka gemu zima kutoka kwenye diski, unachopakua ni masahihisho tu.

Mdogomtu_Kariakoo

Ndiyo ninakokwenda, kaka Mvita. Kaka Mzaramo, Dada Kahawa amesema ukishaikwangua namba, DVD ni pambo. Kwako ni pambo. Kwangu ni GB 20. Usizitupe.

Mzaramo_Baridini

Marahaba mdogo wangu. Kumbe nimefungua uzi huu ili nitoe zawadi.

Basi nimeamua. Jioni hii nilipitia duka karibu na kazini, nimeacha amana, namba iko kwenye risiti na nimeshaiingiza (Dada Kahawa, sikuiweka kwenye pochi). Boksi nitalifuata kwa miguu Desemba, theluji itake isitake. Kusubiri Machi nimeshindwa, nisiwadanganye.

Mama anakuja huku Januari, anarudi Aprili. DVD nitaziweka kwenye begi lake, katikati ya vitamini na viatu vya shangazi. Namba yako nitakununulia hapo Origin, Mvita anisamehe, kwa sababu namba haihitaji begi. Ada ya mwezi tutaongea, na ninaposema tutaongea najua umeshaelewa kwamba nitalipa mimi.

Mdogomtu_Kariakoo

Nimeelewa kaka. Ubarikiwe.

MvitaLeicester

Sijasamehe, lakini endelea.

Dada_Kahawa

Sasa tuache maduka. Humo ndani ya gemu kuna pande mbili, Dola (Empire) na Jamhuri. Mimi nakwenda upande wa Dola, nitakuwa Imperial Agent. Mzaramo, ukienda Jamhuri tutakutana vitani na sitakuonea huruma kwa sababu ya mama. Na tafadhali, katika nyinyi wote mmoja akubali kuwa mganga. Kila mwaka mnakuja watu watano wenye panga na hakuna hata mmoja wa kufunga kidonda.